Kutoka Tarbaj Hadi Mlango wa Ndege: Mwongozo wa Kuhesabu Muda wa Barabara na Foleni

Foleni, kwa maana inayotumika katika mwongozo huu, ni hali ambayo magari yamezidi uwezo wa barabara kiasi kwamba mwendo wa kila gari hauamuliwi tena na dereva wake bali na gari lililo mbele yake. Kwa maana hiyo mji wa Tarbaj, ulio takriban kilomita 50 kaskazini mwa mji wa Wajir kwenye barabara iendayo Kutulo, Elwak na Mandera, hauna foleni, na ndiyo sababu mkazi wake anaposafiri kwenda kutibiwa, kusoma, kuhiji au kutafuta kazi Ghuba huwa katika hatari ya kuikosa ndege ambayo mkazi wa Nairobi, aliyezoea kukwama, amekwisha jifunza kuiwahi. Kinachomponza si umbali. Safari yake ina vipande viwili vya barabara vyenye tabia mbili tofauti, kimoja cha mchanga na vizuizi kaskazini, kingine cha lami na msongamano jijini, na kipimo kinachofaa kipande kimoja hakifai kingine.

Kabla ya barabara ni lazima saa ya tiketi isomwe sawasawa, kwa kuwa makosa mengi yanayosingiziwa foleni huanzia hapo. Tiketi za ndege huandikwa kwa mfumo wa saa 24, unaoanza kuhesabu siku katikati ya usiku, ilhali saa ya Kiswahili huanza kuhesabu upya kunapopambazuka na tena jua linapokuchwa, na hesabu ya Kiislamu huutanguliza usiku mbele ya mchana wake. Tiketi iliyoandikwa 00:35 ya Ijumaa inamaanisha saa sita na dakika thelathini na tano za usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani msafiri anatakiwa awe uwanjani Alhamisi baada ya sala ya isha. Anayeuhesabu usiku kuwa wa pili baada ya mchana, kama vijana wengi wafanyavyo siku hizi, atafika karibu siku nzima baada ya ndege kuondoka. Mzee anayefuata hesabu ya Kiislamu, ambayo usiku wa Ijumaa ndio unaoutangulia mchana wa Ijumaa, atakuwa amepata sawa bila kufundishwa na mtu. Vilevile 05:30 si saa tano na nusu bali ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, na 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni. Njia ya salama ni kuandika kwa kalamu juu ya tiketi, siku ileile inaponunuliwa, jina la siku na saa kwa Kiswahili, kisha kumsomea dereva maneno hayo badala ya tarakimu.

Saa ikishajulikana, hesabu hufanywa kwa kurudi nyuma. Kaunta ya usajili, yaani dawati ambapo mizigo hupimwa na pasi ya kupandia ndege hutolewa, kwa safari nyingi za kimataifa hufungwa takriban muda wa saa moja kabla ya ndege kuondoka, na mashirika hushauri abiria awe amefika saa tatu kabla. Msafiri basi haanzi kwa kuuliza atoke nyumbani saa ngapi. Huanza na saa ya ndege, akatoa saa tatu, akatoa muda wa barabara kwa jinsi barabara ilivyo wakati huo wa siku, na jibu linalobaki ndilo saa ya kutoka. Ndege ya 04:40 inamtaka awe uwanjani saa saba na dakika arobaini usiku, wakati ambao barabara za Nairobi ni tupu. Ndege ya 20:00 inamtaka awe uwanjani saa kumi na moja jioni, na hiyo ndiyo saa ambayo jiji zima liko barabarani. Watu wengi huiogopa ndege ya alfajiri kwa sababu ya giza, lakini ndege inayokosekana kwa foleni ni ile ya jioni, kwa hiyo mwenye nafasi ya kuchagua tiketi na achague ya usiku wa manane au ya alfajiri, hata ikiwa imezidi bei kidogo.

Kipande cha kwanza, cha kutoka Tarbaj hadi Wajir, kinaonekana kifupi kwa kilomita, na siku ya kiangazi isiyo na tatizo ni safari ya asubuhi moja tu. Hata hivyo, barabara hii ni sehemu ya ukanda wa Isiolo hadi Mandera, wenye urefu wa kilomita zipatazo 740, unaowekwa lami kwa ufadhili wa Benki ya Dunia na washirika wengine, na pale ujenzi unapoendelea gari hutolewa barabarani na kupitishwa katika njia za mchepuko, yaani njia za muda zilizochongwa pembeni, zenye vumbi jingi na mchanga laini. Mahali pa kuangaliwa zaidi ni laga, ambalo ni jina la watu wa kaskazini kwa mkondo wa maji wa msimu, unaokaa mkavu miezi mingi na kujaa kwa muda mfupi mvua inaponyesha hata mbali. Lori lililojaza mizigo likizama katika laga, magari yanayofuata hutafuta njia za kulipita kati ya miiba, na kila gari linalopita huulainisha mchanga zaidi kwa linalofuata, mpaka gari dogo la abiria nalo linakwama kwa magurudumu ya nyuma na abiria wanashuka kusukuma. Tukio kama hilo linaweza kula saa tatu, wala hakuna trafiki wa kulitatua.

Kwa hiyo misimu iwekwe akilini. Mvua ya Gu, ambayo ni mvua kuu ya kati ya Machi na Juni, na mvua ya Dayr, inayonyesha kati ya Oktoba na Desemba, ndizo zinazobadilisha hesabu yote. Novemba 2023 mvua za El Niño zilikata barabara nyingi za Wajir, Mandera na Garissa, na Aprili 2024 Mto Tana ulifurika hadi kuifunika barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa, abiria wakawa wanavushwa kwa mashua. Katika misimu hiyo mwenye ndege ya kimataifa asihesabu kwa saa bali kwa siku: awe Wajir siku moja kabla ya ndege ya kwenda Nairobi, na awe Nairobi siku mbili kabla ya ndege ya kwenda ng'ambo. Gharama ya kulala kwa jamaa ni ndogo kuliko ya tiketi iliyopotea, na katika nchi ya Wajir ni nadra mtu akose jamaa wa kumlaza.

Jambo la pili la kipande hiki ni vizuizi vya polisi. Kaskazini Mashariki imeishi kwa miaka mingi chini ya ukaguzi mkali wa barabarani kutokana na mashambulizi dhidi ya mabasi na magari ya serikali, na kuna nyakati ambapo magari ya abiria hulazimika kungoja msafara wenye ulinzi. Muda wa kungoja haukadiriki, ila muda wa ukaguzi wenyewe unaweza kupunguzwa sana na abiria kama kitambulisho cha taifa halisi, si nakala, kiko mfukoni na si chini ya mizigo, na kama watoto wana vyeti vyao vya kuzaliwa. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa mjini Wajir, alitangaza kuondolewa kwa mchujo wa ziada ambao wakazi wa kaunti za mpakani walikuwa wakifanyiwa wanapoomba vitambulisho, jambo ambalo lilikuwa limewachelewesha vijana wengi kwa miaka. Anayepanga safari na bado hana kitambulisho au pasipoti na aanze hapo, miezi kadhaa kabla ya kuulizia tiketi. Ni vyema pia simu zote za lazima, kwa dereva, kwa wakala wa ndege na kwa jamaa wa Wajir, zipigwe kabla ya gari kuondoka, kwa kuwa mtandao hukatika njiani.

Uwanja wa ndege wa Wajir uko kando ya mji, na unatumiwa pamoja na jeshi la anga, ndiyo maana picha zisipigwe pale hata za kumbukumbu. Kwa miaka mingi ndege zilizotoka Mogadishu kwenda Nairobi zilitakiwa kutua hapo kwanza ili abiria na mizigo vikaguliwe, kwa hiyo watu wa Wajir wanaufahamu msongamano wa uwanjani hata kama hawaufahamu wa barabarani. Ndege zinazokwenda Nairobi nyingi ni ndogo, saa zake hubadilishwa mara kwa mara, na safari ya angani huchukua takriban saa moja na nusu. Msafiri ampigie wakala jioni ya kuamkia safari ili athibitishe mambo mawili, yaani saa ya kuondoka na jina la uwanja ambao ndege itatua.

Swali hilo la jina la uwanja ndilo linalosahauliwa zaidi, na hasara yake ni kubwa. Nairobi ina viwanja viwili vya abiria. Wilson, ulioanzishwa mwaka 1929, uko kwenye Barabara ya Lang'ata karibu na katikati ya jiji, na ndio unaopokea ndege nyingi ndogo za kaskazini. Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ambao wenyeji huuita JKIA kwa herufi zake nne za Kiingereza, ulifunguliwa mwaka 1958 kwa jina la Embakasi, baada ya kujengwa kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau, na ukapewa jina la sasa mwaka 1978. Ulipofunguliwa ulikuwa uwandani, mbali na nyumba za watu. Tangu hapo jiji limeufuata: viwanda, maghala na mitaa ya makazi imejaa pande zote za Barabara ya Mombasa, na malori yatokayo bandarini, matatu za mitaa ya mashariki na magari ya wasafiri yote hukutana katika njia moja. Asili ya foleni ya uwanja huu ni hiyo, na haiishi kwa dereva kujua kuchomekea.

Msafiri anayetua Wilson na kutarajia kupanda ndege ya kimataifa JKIA siku hiyohiyo anachukua hatari ambayo mwongozo huu haumshauri aichukue. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hazijuani, kwa maana kwamba ndege ya Wajir ikichelewa, shirika la ndege ya pili halilazimiki kumngoja wala kumbadilishia tiketi. Palipo lazima, muda kati ya kutua Wilson na kuondoka JKIA usipungue saa nane, na njia ya kuulizia ni ile ya kuingia Barabara ya Southern Bypass kutoka Lang'ata, ambayo hupita kando ya mbuga ya wanyama na kutokea Barabara ya Mombasa bila kupita katikati ya jiji. Njia ya kupitia uwanja wa michezo wa Nyayo, inayoonekana fupi kwenye ramani, huziba mapema na huchelewa kufunguka.

Wengi wa wanaotoka Wajir na Mandera, wawe wamefika kwa ndege au kwa basi, hufikia Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye maduka, nyumba za wageni, ofisi za mabasi na jamaa zao. Anayekuja kwa basi ajue kwamba saa ya kufika haiaminiki kutokana na vizuizi vya njiani, hasa kwenye daraja la Tana huko Garissa, na asiipange ndege siku ya basi kuwasili. Eastleigh yenyewe ina foleni ya namna yake, ambayo haitokani na wingi wa magari tu bali na mikokoteni, bidhaa zilizopangwa ukingoni, malori yanayopakua na watu wanaotembea katikati ya barabara kwa kukosa pa kupita. Gari linaweza kutumia nusu saa kutoka kwenye kichochoro hadi barabara kuu, na dereva akafika njia ya uwanja akiwa amekwisha maliza akiba yake ya muda. Ushauri unaofaa ni kwamba mizigo ibebwe kwa mkokoteni au kwa mikono hadi ukingo wa barabara kuu, na gari la kukodi liitwe likutane na msafiri hapo. Siku ya Ijumaa, njia za karibu na misikiti hujaa waumini kuanzia saa sita mchana, na anayesafiri siku hiyo ama atoke kabla ya saa tano ama aswali kwanza na kutoka saa nane. Mwezi wa Ramadhani foleni ya jioni huanza mapema, kwa kuwa kila mtu anakimbilia futari, na baada ya magharibi magari hupungua ghafla barabarani kwa muda wa saa moja hivi. Mwenye tende na maji ndani ya gari anaweza kufuturu njiani na kuutumia upenyo huo.

Kwa siku za kazi, saa zenye uzito jijini ni kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, na kati ya saa kumi jioni na saa mbili usiku, na mvua ikinyesha saa hizo hurefuka pande zote mbili. Safari kutoka Eastleigh hadi JKIA ambayo huchukua dakika arobaini usiku wa manane inaweza kuchukua saa mbili au zaidi jioni ya mvua. Ramani za simu huonyesha hali ya barabara kwa rangi, nyekundu ikiwa ni mahali palipokwama, ila rangi hizo huonyesha hali ya sasa; msaada wake mkubwa hupatikana kama msafiri atazitazama siku moja kabla, saa ileile anayokusudia kutoka.

Tangu Mei 2022 kuna njia nyingine, nayo ni barabara ya kulipia itokayo Mlolongo hadi Westlands, sehemu yake ikipita juu ya Barabara ya Mombasa, yenye urefu wa kilomita 27. Ada yake kwa magari madogo, baada ya kupandishwa mwaka 2024, ilikuwa kati ya shilingi 170 na 500 kulingana na umbali. Bodaboda na tuktuk haziruhusiwi kupanda, wala si kila kituo chake kina mlango wa kuingia na wa kutoka kwa pande zote mbili, kwa hiyo dereva aulizwe mapema ataingilia wapi. Jambo la muhimu zaidi ni nani atalipa. Madereva wengi hawaingii barabara hiyo mpaka abiria aseme, na abiria mgeni asiyejua hukaa kimya huku muda unakwenda. Aliyebeba mzee, mgonjwa au tiketi ya bei kubwa na aseme tangu mwanzo kwamba atalipa ada, na awe na noti ndogo mkononi. Ikumbukwe hata hivyo kwamba barabara ya juu huokoa muda wa Barabara ya Mombasa tu. Haisaidii kutoka Eastleigh, na haiondoi mstari wa magari kwenye lango la uwanja.

Lango hilo linastahili kuelezwa kwa kina, kwa kuwa mgeni hulichukua kuwa mwisho wa safari. Kabla ya kufika majengo ya abiria, magari hupangwa katika mistari, na gari likifika zamu yake abiria hushuka wakiwa na vitu vya mkononi, dereva akabaki. Abiria hutembea hadi kibandani, hupitisha mikoba kwenye mashine na wao wenyewe kwenye fremu ya ukaguzi, huku askari wakifungua buti na kutazama chini ya gari, kisha wote hukutana upande wa pili na kupanda tena. Bibi mwenye fimbo na mitandio mitatu hutumia dakika kumi hapo, na familia ya watu saba hutumia zaidi. Mgonjwa asiyeweza kutembea atajwe kwa askari kabla ya abiria kuanza kushuka ili apewe utaratibu wake. Baada ya lango huja ukaguzi wa pili mlangoni mwa jengo, kisha kaunta, kisha uhamiaji. Nusu saa itengwe kwa lango peke yake.

Mizigo nayo ni sehemu ya foleni, ijapokuwa watu hawaihesabu hivyo. Samli, maziwa ya ngamia na nyirinyiri, ambayo ni nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, ni zawadi ambazo mtu wa Tarbaj hawezi kwenda kwa mwanawe bila kuzibeba, wala hapaswi kuambiwa aziache. Lakini vitu vya maji na mafuta vinavyozidi mililita 100 kwa kawaida havipiti katika mkoba wa mkononi kwenye ndege za kimataifa, na sheria za nchi anakokwenda kuhusu nyama na maziwa ziulizwe kwa wakala kabla ya kufunga. Vifungwe katika madebe yasiyovuja, viwekwe kwenye mzigo wa kusajiliwa, na mzigo upimwe dukani Eastleigh na si kwenye kaunta, ambako kufungua begi sakafuni na kupunguza kilo nne kunaweza kumaliza muda wote uliookolewa barabarani.

Kuna pia desturi ya kusindikiza. Anayekwenda Hija husindikizwa na ukoo, na ni jambo la heshima linalompa msafiri nguvu. Hata hivyo magari manne yanayofuatana hupoteana kwenye mizunguko, hungojana, na humfikisha mwenye safari kwa mwendo wa gari la mwisho. Dua na isomwe nyumbani, mkono upewe nyumbani, na gari moja ndilo liende uwanjani.

Safari ya kurudi ina mtego wake. Anayetua JKIA alasiri ana haraka ya kuwaona watu wake, akatoka uwanjani moja kwa moja na kuingia katika foleni ya jioni akiwa amechoka na mizigo yote, ilhali angeweza kuswali, kula na kungoja ndani hadi saa mbili usiku ipite. Dereva wa kumpokea asitoke Eastleigh mpaka msafiri atakapopiga simu kusema ameshapata mizigo yake. Ndege ya Wajir ipangwe keshoye, si siku hiyo. Na akishatua Wajir, aitazame saa kabla ya kutazama magari: ikiwa imepita saa tisa alasiri alale mjini, kwa sababu gari linalotoka Wajir kwa kuchelewa huwakuta ngamia wanarudi zizini jua linapozama, nao hawaiachi njia kwa honi, bali hukimbia mbele ya gari wakiifuata barabara, na rangi yao wakati huo haitofautiani na ya mchanga. Asubuhi, kabla ya jua kupata nguvu, mchanga wa laga huwa bado mgumu kidogo na dereva anaona mbali. Gari litakaloondoka Wajir saa kumi na mbili litamfikisha Tarbaj kabla ya chai ya saa nne.